Mshikamano wa ndani wa zege: namna ya kuusoma, kuujenga na kuupima

Chukua kipande cha zege kilichovunjika, kigeuzie kwenye mwanga na utazame uso uliopasuka. Utaona moja kati ya mambo mawili. Ama kokoto zimekatika katikati pamoja na mota (saruji na mchanga) iliyozizunguka, ama zimechomoka nzima na kuacha vishimo laini vyenye umbo lao. Kokoto zilizokatika zina maana kwamba mshikamano ulikaribia nguvu ya jiwe lenyewe. Zilizochomoka zina maana kwamba jiwe lilikuwa zima na saruji ilikuwa imeshika, ila hivyo viwili havikushikana.

Zege likifeli kipimo, jibu la haraka huwa "ongeza saruji". Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi. Lakini zege huanza kushindwa pale vitu viwili vinapokutana: uji wa saruji na jiwe, zege na nondo, zege jipya na la zamani. Mfuko mzima wa saruji ya ziada hauondoi vumbi lililoganda kwenye kokoto, wala haupunguzi maji yaliyomiminwa kwa makadirio ya macho. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata maungano hayo tangu kwenye lundo la mchanga hadi kwenye mashine ya kuvunjia sampuli.

Hatua ya 1: Elewa kinachoshika, na kinashika vipi

Saruji haikauki kama udongo. Inapokutana na maji hutokea mabadiliko ya kikemia, na zao lake kuu ni jeli ya kalsiamu na silika. Jeli hii huchukua takriban 50 hadi 60% ya ujazo wa vitu vigumu kwenye saruji iliyokomaa, na ndiyo gundi yenyewe. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo gramu moja ina uso wenye eneo la mamia ya mita za mraba. Sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na mvuto hafifu kati ya nyuso hizo zilizokaribiana sana. Zao la pili ni fuwele za chokaa, 20 hadi 25% hivi. Hizi ni kubwa, zina umbo la vibapa, na hazisaidii sana katika kushika.

Mvuto huo hafifu ndio unaoeleza jambo linalowashangaza wengi maabara: zege lililolowa ni dhaifu kuliko hilohilo likiwa kavu. Maji yakiingia kati ya nyuso za jeli huzisukuma ziachane kidogo. Sampuli iliyokaushwa hewani inaweza kusoma 20% au zaidi juu ya iliyolowa, na ndiyo maana taratibu za vipimo hutaka sampuli ivunjwe ikiwa na unyevu. Ukilinganisha matokeo ya maabara mbili, uliza kwanza sampuli zilikuwa katika hali gani.

Sasa njoo kwenye uso wa jiwe. Chembe za saruji haziwezi kujipanga vizuri dhidi ya ukuta mgumu, kwa hiyo karibu na jiwe hubaki nafasi nyingi zaidi, na maji hukusanyika hapo. Zege linapotulia, vitu vizito hushuka na maji hupanda. Yakikutana na kokoto yanakwama chini yake. Matokeo ni tabaka jembamba lenye unene wa mikromita 20 hadi 50, lenye matundu mengi na fuwele nyingi za chokaa. Tuliite ukanda wa mpito. Mtafiti wa Ufaransa J. Farran aliueleza mwaka 1956, na karibu kila kitu kinachofuata hapa kinauhusu.

Hatua ya 2: Jua mshikamano unavyobadilisha tabia ya zege chini ya mzigo

Hapa usikimbie. Bonyeza jiwe peke yake: mchoro wa mkazo (mzigo kwa eneo) na mnyweo (kiasi linavyofupika) ni karibu mstari ulionyooka hadi linapovunjika. Bonyeza saruji iliyokomaa peke yake: nayo karibu hivyohivyo. Vichanganye viwe zege, na mchoro unapinda. Upindaji huo hautoki kwenye jiwe wala kwenye saruji. Unatoka pale vinapokutana.

Kazi iliyofanywa na Hsu, Slate, Sturman na Winter katika Chuo Kikuu cha Cornell, iliyochapishwa mwaka 1963, ilionyesha jinsi nyufa ndogo zinavyozaliwa na kukua. Hata kabla ya mzigo wowote, tayari kuna nyufa chache kwenye nyuso za kokoto, zilizoletwa na kusinyaa na maji yaliyokwama. Hadi karibu 30% ya mzigo wa kuvunja, nyufa hizo zinatulia na mchoro unabaki umenyooka. Kuanzia hapo zinarefuka zikiuzunguka uso wa jiwe, na mchoro unaanza kuinama. Ukipita kama 70%, nyufa zinaliacha jiwe na kuingia ndani ya mota, zinaunganishana, na kuanzia hapo zege linaelekea kuvunjika. Mzigo mkubwa wa kiwango hicho ukiachwa juu ya zege kwa muda mrefu unaweza kulivunja hata bila kuongezwa.

Kwa anayejenga, maana yake ni hii. Nguvu ya mgandamizo inaweza kuvumilia mshikamano wa wastani, kwa sababu mgandamizo huzibana nyufa nyingi zisifunguke. Mvutano hauna huruma hiyo. Unavuta moja kwa moja kwenye ukanda wa mpito, na ndiyo sababu zege hubeba kwenye mvutano takriban moja ya kumi tu ya linachobeba kwenye mgandamizo. Kwa hiyo mshikamano ukiharibika, dalili huonekana kwanza kwenye kupinda, kupasuka na kupitisha maji, huku kipimo cha mgandamizo bado kikionyesha sura nzuri. Ukakamavu, yaani uwezo wa kutobonyea chini ya mzigo, nao huathirika: zege lililokaushwa vibaya au kupigwa na moto hupoteza ukakamavu haraka kuliko nguvu, kwa kuwa nyufa nyembamba kwenye nyuso za mawe zinatosha kulilegeza kabla hazijatosha kulivunja.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Mshikamano ukiwa mzuri sana, mchoro unanyooka hadi karibu na kilele kisha unaporomoka ghafla. Nyufa hazizunguki tena mawe; zinayakata. Zege la nguvu ya juu huvunjika kwa kishindo, na nyuso za ufa zinakuwa laini kiasi kwamba haziwezi kukwamana vizuri kuzuia pande mbili za ufa zisiteleze. Ukiongeza mshikamano, basi pangilia ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) na nondo za kutosha. Usichukulie kwamba zege lenye nguvu zaidi litakupa onyo zaidi.

Hatua ya 3: Andaa kokoto na mchanga

Mshikamano hupotea zaidi hapa kuliko popote, na ndipo unaporekebishika kwa gharama ndogo. Kokoto zilizopondwa zina uso wa kukwaruza na kona kali, hivyo zinashika vizuri kuliko kokoto za mviringo za mtoni. Tofauti hiyo ni kubwa pale maji yanapokuwa machache, yaani uwiano wa maji kwa saruji, kwa uzito, chini ya 0.4, na karibu inatoweka uwiano ukifika 0.65, kwa sababu hapo uji wenyewe umekuwa dhaifu. Epuka mawe mengi bapa. Yakilala, maji hukusanyika chini yake, na unapata zege lenye nguvu upande mmoja na udhaifu upande mwingine. Kwa zege la nguvu ya juu punguza pia ukubwa wa kokoto, usizidi milimita 20, maana jiwe kubwa hukusanya maji mengi zaidi chini yake.

Kisha vumbi. Kokoto za kupondwa hutoka kiwandani zikiwa na ngozi ya unga, na mchanga hubeba matope. Unga ulioganda kwenye jiwe hufanya saruji ishike unga badala ya jiwe. Sugua kokoto moja kavu kwa kidole. Kidole kikitoka cheupe au chekundu, zioshe.

Mchanga upime kwa chupa. Chukua chombo kinachoonyesha ndani, chenye kuta zilizonyooka. Changanya maji na chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kwani chumvi husaidia matope yatulie. Mimina maji hayo kidogo, tia mchanga hadi nusu ya chombo, ongeza maji yapande juu ya mchanga, funga na utikise kwa nguvu. Gonga ubavu uso wa mchanga usawazike, kisha kiache kwa saa 3 bila kukigusa. Mchanga utakaa chini, na juu yake tabaka laini la matope. Pima urefu wa vyote viwili kwa rula. Mchanga ukiwa sentimita 10 na matope milimita 8, umefika 8%, mpaka unaotumika sana kwa kipimo hiki cha shambani. Ukizidi hapo, osha au badilisha mchanga.

Hatua ya 4: Hesabu maji

Duff Abrams, aliyefanya kazi Chicago, alitoa mwaka 1918 kanuni ambayo haijastaafu: kwa vifaa vilevile, vilivyoshindiliwa vizuri, nguvu ya zege huamuliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Sababu iko kwenye nafasi. Saruji inahitaji karibu 0.23 ya uzito wake katika maji ili kukamilisha mabadiliko ya kikemia, na maji mengine yanayokwama ndani ya jeli hufikisha jumla kama 0.42. Yanayozidi hapo hayana kazi. Yanabaki kama mifereji midogo ndani ya uji, na yanapenda zaidi kukaa kwenye ukanda wa mpito.

Tuhesabu. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa 0.5 unataka lita 25. Ikiwa mchanganyiko una kilo 100 za mchanga ulionyeshewa, wenye unyevu wa 5%, mchanga huo umebeba karibu lita 5. Ukimimina lita 25 zote bila kupunguza, una lita 30 na uwiano umepanda hadi 0.6. Kwa zege la kawaida, hiyo inaweza kukupokonya moja ya tano ya nguvu au zaidi, na hakuna aliyekosea kusoma ndoo. Punguza maji ya mchanga kabla ya kuanza. Kokoto kavu sana nazo hunyonya maji ya saruji kutoka pembeni yake, kwa hiyo zilowanishe mapema ziwe na unyevu ndani huku juu zikiwa hazing'ai kwa maji.

Zege likiwa gumu kumwaga, tumia kilainishi cha kemikali badala ya maji. Sipendi kabisa tabia ya kuongeza "ndoo moja tu" mwishoni. Ndoo hiyo ni ya mmwagaji. Gharama yake inalipwa na boriti.

Unga laini wa silika, yaani mavumbi ya silika yanayotoka kwenye tanuru za silikoni, ni njia ya kuujaza ukanda wa mpito moja kwa moja. Chembe zake ni ndogo karibu mara mia kuliko za saruji, zinaingia kwenye nafasi zilizo pembeni ya jiwe, na zinabadilisha fuwele za chokaa kuwa jeli zaidi. Kiwango cha kawaida ni 5 hadi 10% ya saruji. Unakula maji mengi, kwa hiyo bila kilainishi haufai.

Hatua ya 5: Changanya na ushindilie

Lengo la kuchanganya ni kila jiwe livikwe uji wake. Tia kokoto na sehemu ya maji kwanza, zizunguke na zilowane, kisha saruji na mchanga, kisha maji yaliyobaki. Endelea hadi rangi iwe moja.

Kisha ushindiliaji. Kila 1% ya hewa iliyobaki hupunguza nguvu kwa takriban 5 hadi 6%. Hewa ya 5% inaondoa karibu 30%. Ingiza vaibreta wima, isubiri hadi mapovu makubwa yakome na uso ung'ae, kisha itoe polepole ili shimo lijifunge nyuma yake. Tabaka jipya likimwagwa, kichwa cha vaibreta kiingie kidogo kwenye tabaka la chini kabla halijashika. Ukikaa muda mrefu mno mahali pamoja, mawe yatashuka na uji utapanda, na utakuwa umetengeneza ukanda dhaifu kwa mikono yako.

Hatua ya 6: Shika nondo

Nondo hushikwa kwa njia tatu: kunata kwa saruji kwenye chuma, msuguano, na mbavu za nondo kukwamana na zege. Kunata huisha mapema, mara nondo inapoanza kuteleza kidogo. Baada ya hapo mbavu ndizo zinazofanya kazi, na zinaposukuma zege hulipasua kwa nje. Kwa hiyo mshikamano wa nondo unategemea sana unene wa zege linaloifunika na ringi zinazolibana. Ukiona ufa unaofuata nondo kwa urefu wake, nondo inalipasua zege, ama kwa mzigo ama kwa kutu.

Kutu nyepesi iliyoshikana na chuma haina madhara kwenye mshikamano. Kutu inayobanduka kwa magamba iondoe kwa brashi ya waya. Mafuta ya kupaka mbao za boksi ndiyo adui hasa. Yapake mbao kabla nondo hazijawekwa.

Nondo za juu kwenye boriti ndefu kwenda chini zinahitaji uangalifu, kwani maji yanayopanda hukwama chini yake kama yanavyokwama chini ya kokoto. Kanuni za Marekani, ACI 318, zinataka urefu wa kushika, yaani urefu wa nondo unaozama kwenye zege ili ishikwe, uzidishwe kwa 1.3 iwapo zaidi ya milimita 300 za zege bichi ziko chini ya nondo. Kanuni za Ulaya huipunguza nguvu ya mshikamano hadi 0.7 kwa nondo zilizo katika hali mbaya kama hiyo. Usikate nondo za juu na za chini kwa urefu uleule kwa sababu tu ni rahisi.

Hatua ya 7: Unganisha jipya na la zamani

Uso wa zege lililotulia una ngozi laini ya saruji dhaifu na maji. Ing'oe hadi kokoto zionekane, na uukwaruze uso hadi mikwaruzo ifike kina cha milimita 6 hivi. ACI 318 inaruhusu mgawo wa msuguano wa 1.0 kwa uso uliokwaruzwa hivyo, na 0.6 kwa usiokwaruzwa. Lowanisha zege la zamani kwa saa kadhaa, kisha ondoa maji yote yaliyotuama kabla ya kumwaga. Ukipaka uji wa saruji, umwagie zege ungali mbichi. Ukikauka unakuwa utando wa kutenganisha.

Hatua ya 8: Litunze

Mwagilia au funika kwa siku 7 angalau. Zaidi ikiwa umechanganya majivu au saruji inayokomaa taratibu. Unyevu ndani ya matundu ukishuka chini ya 80%, mabadiliko ya saruji karibu yanasimama, na uso ulio nje ndio unaoumia kwanza.

Hatua ya 9: Pima kwa jicho la mshikamano

Kipimo cha mgandamizo kwenye mchemraba wa milimita 150 ni cha lazima, lakini peke yake kinaficha mengi. Ongeza kipimo cha kupasua silinda: silinda ya kipenyo cha milimita 150 na urefu wa 300 inalazwa na kubanwa kwa urefu wake hadi ipasuke. Nguvu ya mvutano ni mara mbili ya mzigo, kugawanya kwa pai mara urefu mara kipenyo. Mfano: mzigo wa kilonyutoni 200 unatoa megapaskali 2.83. Ikiwa silinda kutoka mchanganyiko uleule ilibeba megapaskali 30 kwenye mgandamizo, uwiano ni 9.4%, hali ya kawaida.

Uwiano huo ndio wa kuufuatilia. Ukiwa na michanganyiko miwili yenye mgandamizo sawa, na mmoja umeshuka kwenye kupasuka, chunguza kokoto zake, vumbi lake na maji yake kabla ya kugusa kiasi cha saruji. Kila sampuli ikivunjwa, piga picha ya uso wake na uhesabu kokoto zilizokatika na zilizochomoka ndani ya eneo moja la ukubwa uleule. Andika pia umri wa sampuli, maana zege la siku 3 huchomoa kokoto hata likiwa zuri. Linganisha siku 28 na siku 28. Kwa jengo lililokwisha simama, nyundo ya kudunda itakupa ugumu wa ngozi tu. Kata kiini kwa drili ya mduara, kipasue, na usome uso wake uliopasuka kama ulivyosoma kipande cha kwanza, ukitazama hasa upande wa chini wa kila kokoto.